LOMO LC-A vichochoroni Lamu: ipi ni tabia ya kamera na yapi ni maradhi yake

Kamera yenyewe ni ndogo, nyeusi, inaenea mfukoni mwa kanzu. Usoni ina herufi za Kirusi, na chini ya lenzi kuna kijiti unachokisukuma kando ili kufungua lenzi na tundu la kuchungulia kwa pamoja. Ami yangu alirudi nayo kutoka Leningrad mwishoni mwa miaka ya themanini, alikokuwa akisoma, akaitumia miaka michache, kisha ikalala ndani ya kasha la msaji pamoja na pasipoti kuukuu na barua. Nilipomwomba aliniambia, "Mwanangu, ukiweza kuifufua, ni yako."

Naandika haya kwa sababu vijana wengi wa pwani siku hizi wananunua kamera za filamu kutoka kwa wageni au mtandaoni, wanapoteza fedha, na wakilalamika wanaambiwa kwamba hayo ndiyo maajabu ya kamera za zamani. Sikubaliani na jibu hilo. Kamera hii ina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo iliyoipa jina duniani. Lakini pia ina maradhi, kama kifaa chochote kilichokaa miaka kwenye joto na chumvi, na maradhi hayo yanatibika kwa gharama isiyofika nusu ya bei ya filamu moja. Anayeshindwa kutofautisha hayo mawili atayavumilia maradhi akidhani ni sanaa.

Kwanza ijulikane ni kamera gani. LC-A ilianza kutengenezwa mwaka 1984 na kiwanda cha LOMO, Leningrad, mji unaoitwa sasa St. Petersburg. Iliigwa kutoka kamera ya Kijapani, Cosina CX-2. Lenzi yake inaitwa Minitar 1, ya milimita 32, na tundu lake la kuingiza mwanga, likifunguka kabisa, ni f/2.8. Ilikusudiwa raia wa kawaida wa Muungano wa Kisovieti: mtu aweke filamu, akadirie umbali, abonyeze, basi. Mwaka 1991 wanafunzi kutoka Vienna waliikuta Prague, wakapenda rangi zake nzito na pembe zake za giza, na mwaka uliofuata wakaanzisha jumuiya ya Lomografia, ya wapenzi wa kamera hii. Tangu hapo bei yake imepanda kupita thamani ya vyuma vilivyomo. Wale walioanzisha jumuiya hiyo ndio waliotoa LC-A+ mwaka 2006, inayotengenezwa China. Hiyo ni kamera nyingine, ingawa inafanana nayo sana.

Nilipofungua mlango wa betri chini ya kamera nilikuta kutu ya kijani. Betri za zamani zilikuwa zimevuja. Inachukua betri tatu ndogo za aina ya LR44, zile za vidonge, na mafundi saa wa Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, wanazo. Zikipatikana SR44 chukua hizo, kwa kuwa nguvu yake haishuki ovyo na kipimo cha mwanga kinategemea betri. Kutu niliitoa kwa pamba iliyochovywa maji ya ndimu, nikafuta kwa spiriti, nikaacha ikauke usiku mzima. Taa ndogo ya kushoto ndani ya tundu la kuchungulia ikawaka. Taa hiyo inakwambia betri zina nguvu. Ya kulia ikiwaka, ina maana shata, yaani kile kifuniko cha ndani kinachofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu, itakwenda taratibu kuliko 1/30 ya sekunde, na mkono wako utatikisa picha.

Kabla hujanunua filamu hata moja, fanya jaribio hili, nawe ukinunua kamera kwa mtu lifanye mbele yake. Fungua mlango wa nyuma, kamera ikiwa tupu. Weka alama ya A, ya kamera kujipimia mwanga yenyewe, zungusha gurudumu la kidole mpaka likwame, fungua lenzi, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe wenye jua, kisha uchungulie kupitia nyuma huku ukibonyeza. Utauona mwanga ukimeta mara moja, upesi sana. Zungusha tena. Sasa ziba kwa kidole kile kidirisha cha kupimia mwanga mbele ya kamera, ubonyeze na usiachie. Shata inatakiwa ibaki wazi. Ondoa kidole: inafunga. Isipofanya hivyo, kipimo kimekufa, na fundi wa kukirekebisha hapatikani kirahisi. Usinunue hata kama imeng'aa namna gani. Jaribio hili halina gharama, na ndilo ambalo wauzaji wengi hawataki ulifanye, wanakuharakisha tu kwamba kamera "inafanya kazi vizuri".

Kipimo cha kamera ya ami kilikuwa hai. Lililokufa ni sifongo. Pembeni mwa mlango wa nyuma, mahali unapofungia, viwanda viliweka sifongo nyembamba nyeusi ya kuzuia mwanga usipenye. Kwa joto la Lamu ilikuwa imeyeyuka ikawa utomvu unaonata kama lami. Niliikwangua kwa kijiti cha mshikaki, nikasafisha kwa spiriti polepole ili isidondoke kwenye shata, kisha kwenye mifereji nikalaza uzi wa sufu mweusi wa kufumia, nikaushikisha kwa gundi kidogo sana. Usitumie uzi unaong'aa. Kazi hiyo yote, pamoja na spiriti, haikufika Sh300.

Filamu ndiyo gharama yenyewe. Hapa Lamu sikupata duka lenye filamu ya rangi, nikaagiza Nairobi, ikanifikia kwa Sh1,800. Kuisafisha na kuiskani ni Sh1,000 na ushei, na kifurushi kwenda na kurudi kupitia Mokowe, gati ya upande wa bara, ni kama Sh500. Ukigawanya kwa picha 36, kila mbonyezo ni karibu Sh90. Mtu mwenye mshahara wa kawaida aujue ukweli huu kabla hajaanza. Hesabu hiyo ilinifanya nisimame kwanza, nitazame, ndipo nibonyeze, na kwa hilo sina majuto.

Kamera hii haikuangalizii umbali. Kuna kijiti kando ya lenzi chenye vituo vinne: mita 0.8, 1.5, 3, na mbali kabisa. Ukikosea kituo, uso unakuwa ukungu na ukuta wa nyuma unakaa wazi kabisa. Watu wengi hukadiria kwa macho, na macho hudanganya katika kichochoro. Kilichonisaidia ni vipimo vya wazee. Dhiraa, yaani kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, ni karibu nusu mita. Pima, yaani mikono yote miwili iliyonyooshwa, ni karibu mita 1.8. Basi mtu aliye umbali wa dhiraa mbili pungufu, weka 0.8. Dhiraa tatu na kitu, weka 1.5. Pima moja na nusu na zaidi kidogo, weka 3. Katika mtaa wa Mkomani vipo vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mtu aliyeegemea ukuta wa pili wa kichochoro kama hicho, nawe umeegemea huu, yupo kwenye 1.5 bila kufikiri.

Filamu ya kwanza nilipiga asubuhi, kuanzia Mkunguni mbele ya Ngome, kupanda Usita wa Mui, mpaka mtaa wa Langoni. Niliipeleka kwenye studio moja ya mbali na hapa. Ziliporudi, zilikuja picha za kutazama kwenye simu tu, kwa intaneti. Negativu, yaani filamu zenyewe zilizokwisha kusafishwa, walikuwa wamezitupa, kwa kuwa, walisema, wateja hawazihitaji siku hizi. Tena mashine yao ilikuwa imezing'arisha pembe zote na kusawazisha rangi, picha zikafanana na za simu yoyote. Nilihuzunika sana, na si kwa fedha peke yake. Baadhi ya picha zilikuwa na mstari wa rangi ya machungwa upande mmoja, na bila negativu sikuwa na njia ya kujua umetoka wapi.

Sababu ya kuzihuzunikia negativu ni hii, na ndiyo sehemu ambayo ningependa isomwe kwa makini. Negativu ndiyo cheti cha daktari. Ishike kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga uliopenya mlangoni au kwenye bawaba hauheshimu mipaka ya picha: utauona umevuka mpaka kwenye nafasi kati ya picha na picha, na hata kwenye matundu ya pembeni mwa filamu. Huo ni ugonjwa, rudi kwenye uzi wa sufu. Giza la pembe ni kitu kingine kabisa. Hilo linatokana na lenzi yenyewe, linakaa ndani ya mipaka ya picha, linatokea pembe zote nne, na linazidi pale tundu la lenzi linapofunguka zaidi, yaani mahali penye mwanga hafifu. Hiyo ni tabia. Haina dawa na haihitaji dawa.

Picha yenye ukungu nayo ina njia yake ya kusomwa. Kila kitu kikiwa kimeburutika upande mmoja, mkono ulitikisika. Kitu kimoja kikiwa wazi na kingine ukungu, ulikosea kituo cha umbali. Pembezoni kukilegea kidogo huku katikati kuko wazi, hiyo ni Minitar, iache ilivyo. Picha nzima ikiwa hafifu kama imefunikwa na maziwa, tazama lenzi kwa tochi, huenda imeota kuvu. Kuvu ni balaa kubwa ya visiwa vyetu. Dawa ya bei rahisi ni kuweka kamera kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mchele, unaoshauriwa na wengi, una vumbi, na vumbi likiingia ndani ya shata limeingia.

Filamu za baadaye nilipeleka kwingine, nikiwa na uzi mpya mlangoni na maagizo ya maandishi. Mstari wa machungwa ulikuwa umetoweka. Ndipo nilipoiona kamera yenyewe kwa mara ya kwanza.

Kwenye kichochoro, inapendeza mno. Mji wetu una kuta ndefu za mawe ya matumbawe na chokaa, juu kuna ukanda mwembamba wa mbingu, na mahali pengine wikio limevuka njia likaunganisha nyumba mbili, chini yake ni giza hata saa sita mchana. Giza la pembe za LC-A linaungana na giza la kuta, jicho linavutwa katikati, kwenye mlango wa nakshi au punda aliyebeba mchanga. Ami alikaa kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, la nyumba yake na kikombe cha kahawa chungu, nami nikapiga kutoka ukuta wa pili. Kofia yake nyeupe, mvuke wa kahawa, na mkono ulioshika kikombe viko wazi. Miguu yake na nguzo ya daka vimezama. Hakuna simu iliyowahi kunipa picha hiyo.

Kwenye gati, hainifai. Mbingu iliyo juu ya mkondo wa Manda ni pana na safi, na pembe za giza zinaifanya ionekane kama mvua inakuja kila siku ya mwaka. Kwenye harusi pia nashauri uiache nyumbani. Nilipiga safu ya akina mama wa familia waliosimama wenyewe wakataka picha, na shangazi yangu, aliyekuwa mwisho wa safu, alipoiona aliniuliza, "Mwanangu, mbona mimi umenitia gizani?" Alikuwa na haki. Watu wa pembeni hawakupendelewa na lenzi hii, na picha ya familia ni ya kila mtu aliyemo. Tangu hapo, wakiwa wengi, nawapanga nusu duara au napiga kwa simu.

Jambo la mwanga linahitaji subira. Kamera hujiamulia yenyewe muda wa shata, kuanzia 1/500 ya sekunde mpaka dakika nzima na zaidi gizani, na inaendelea kupima mwanga wakati shata iko wazi. Ukiweka ukanda wa mbingu ndani ya fremu, itadhani kuna mwanga tele, na watu watakuwa vivuli. Kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa ni hivyohivyo: picha nzima inatoka nyeusi kuliko inavyotakiwa. Hakuna kitufe cha kusahihisha, lakini kuna gurudumu la kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga, unaoandikwa kwa namba za ISO kwenye boksi la filamu. Ukiwa na filamu ya 400, lisogeze kwenye 200 kwa picha hiyo moja, kamera itaruhusu mwanga maradufu. Kisha lirudishe palepale, kabla hujasogea. Kamera za zamani kama ya ami zina namba za Kisovieti za GOST badala ya ISO: 16, 32, 65, 130, 250. Namba hizo ziko chini kidogo kuliko za kwetu, hivyo filamu ya 200 unaiweka 130, na ya 400 unaiweka 250. Filamu ya negativu haiumii kwa mwanga wa ziada kidogo, inaumia ukiinyima.

Usiku wa Maulidi, karibu na msikiti wa Riyadha, taa ya kulia haikuzima hata kidogo. Niliegemeza kamera kwenye baraza la jiwe, nikabonyeza, nikashikilia. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wakisikia mlio wa kwanza wanaachia kitufe. Endelea kushikilia mpaka usikie mlio wa pili, shata inapofunga. Waliokuwa wakitembea wakawa moshi mweupe, waliokaa wakabaki watu. Wazee wa mji hawakushangaa hata kidogo nilipowaonyesha. Lamu ndio mji wa Omar Said Bakor, mpiga picha aliyekuwa na studio hapa na aliyeunganisha picha kadhaa kuwa moja, akawaweka watu ndani ya maua na vitu visivyowahi kukutana nao. Watu wetu wamezoea zamani kwamba picha si lazima ifanane na kile jicho lilichoona.

Wasichozoea, na wana haki, ni kupigwa picha bila kuulizwa. Kamera ndogo isiyo na kelele inamshawishi mtu aibe picha. Usifanye hivyo, hasa kwa wanawake wanaopita na kwa watoto wa watu. Toa salamu kwanza, eleza, onyesha kamera. Mara nyingi mtu akikataa hukukaribisha kahawa, na akikubali hukaa akatulia, jambo ambalo kwa lenzi ya umbali wa kukadiria ni faida tupu.

Kuhusu kusafisha mwenyewe: filamu ya rangi inataka dawa za C-41 kwenye joto la karibu nyuzi 38 bila kuyumba, nami niliamua kuendelea kuipeleka studio. Nyeusi na nyeupe naisafisha nyumbani. Shida yake hapa ni kinyume cha Ulaya: dawa inataka nyuzi 20 na maji ya bomba yetu ni moto. Nanunua barafu kwa wauza samaki, naiweka kwenye beseni nje ya chupa za dawa, nikingoja kipimajoto kishuke. Barafu isiguse dawa yenyewe, kwa sababu ikiyeyuka ndani inaipunguza nguvu. Maji ya kuoshea nayo yapoze, usitoke kwenye baridi ukaingia kwenye moto ghafla, filamu inajikunja uso na kufanya mikunjo midogo isiyotoka tena.

Filamu ambazo hujatumia weka kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na uzitoe saa kadhaa kabla ya kufungua ili zisishike umande. Iliyokwisha kupigwa usiiache ndani ya mashua juani. Isafishwe mapema, maana rangi hubadilika kwa joto. Ukipanda ndege Manda, beba filamu mkononi na uombe kwa adabu zikaguliwe kwa macho, hasa kama utaunganisha safari kwenye viwanja vikubwa vyenye mashine mpya za kuskani, ambazo huchoma filamu kabisa.

Na kifurushi cha studio kisitoke bila karatasi ndani yake. Yangu huiandika hivi, kwa herufi kubwa: "Tafadhali rudisheni negativu zote. Msizikate fupi kuliko picha sita sita. Skani bila kusawazisha mwanga wala rangi. Pembe za giza ni za lenzi, ziacheni. Mkiona mwanga nje ya mipaka ya picha, niandikieni." Studio ninayoitumia sasa iliwahi kuniandikia hivyo, juu ya doa dogo karibu na tundu la pembeni. Nilifungua mlango wa nyuma nikakuta uzi umechomoka upande wa bawaba.